Sifuri Nne za Baba Gladness

Pasua, Moshi
Jumapili, 29 Septemba 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Najua shikamoo yako inakuja, basi naitikia kabisa tusipoteze karatasi.

Simu shuleni kwenu ni marufuku, na mimi siwezi kukaa na habari hii mpaka likizo. Ndiyo maana nimekaa kitako kuandika barua, mara ya kwanza tangu nilipomwandikia mama yako kumposa. Nitampa kondakta wa basi la Lushoto, tumeshaelewana.

Baba yako ameingia chuo! Miaka arobaini na saba, goti la kulia limekwisha, begi jipya mgongoni. Unajua daktari alivyosema, nikiupanda tena mlima nitarudi nimebebwa. Sasa bosi Primus ameniita akasema hivi: Eliakim, umeongoza wageni miaka ishirini na mbili, nafasi ya kufundisha waongozaji wapya ni yako, ila nataka uwe umesajiliwa mwaka wa kwanza wa stashahada ya utalii. Mwisho wa usajili ni tarehe kumi na tano Novemba. Nisiposajiliwa anamchukua mtu wa Arusha. Wa Arusha, Gladness, kuja kufundisha Kilimanjaro!

Lakini tulia, mambo ni mazuri. Jana walitukusanya ukumbini, kama watu mia na ishirini, ili wajue kila mtu aanzie wapi. Wakagawa fomu. Fomu yenyewe aisee nimeizoea, nikamaliza wa kwanza. Kisha wakaita majina. Wengi wakapelekwa chumba kingine kufanya mtihani, watoto wa watu wamenywea, nikawaonea huruma. Sisi saba tukaambiwa ninyi hamhitaji mtihani, Jumatatu mnaanza darasa moja kwa moja. Saba katika mia na ishirini!

Nimempigia mama yako, amepiga vigelegele mpaka ng'ombe kamwaga maziwa.

Soma kwa bidii. Uone baba yako alivyo kichwa.

Baba yako,
Eliakim


Lushoto
6 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Barua yako nimeisoma kwa sauti bwenini nikiwa nimesimama juu ya ndoo. Nilipofika kwenye "saba katika mia na ishirini" wasichana wote walipiga makofi. Mwalimu wetu wa Kiingereza nimemwambia pia, na yeye akawaambia Kidato cha Sita kwamba kuna mzee wa kutoka Marangu amesamehewa mtihani wa chuo, wao wanalia na mazoezi ya kurasa mbili. Kwa hiyo wewe ni maarufu huku, zoea tu.

Leo mchana mama alimpigia matroni kuulizia hali yangu, nikapewa simu dakika tatu. Dakika mbili zote ni zako. Amepeleka mkungu wa ndizi na kuku kanisani kwa shukrani, vikauzwa mnadani baada ya ibada, na mchungaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba Mungu ameifungua akili ya mzee Eliakim. Mama anasema watu walimpa mkono mpaka mkono ukauma.

Niambie sasa. Mnasoma nini? Vijana wanakuitaje? Unakaa mbele au nyuma? Nataka kila kitu.

Mimi masomo yanaenda vizuri, usiwe na wasiwasi.

Binti yako mwenye majivuno,
Gladness


Pasua
13 Oktoba 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba, nimepokea barua yako na kondakta ananisalimia kwa jina sasa.

Hapa Pasua chumba ni kizuri, ila jirani anafungua redio kabla ya jogoo. Asubuhi nakunywa chai na chapati kwa mama mmoja pale njia panda, anapika chapati laini, namwambia akifika Marangu ataolewa mara ya pili. Mvua imeanza kunusa nusa. Juzi mlima ulifunguka wote asubuhi, theluji imebaki kidogo sana upande huu, nikasimama kuutazama nikachelewa kipindi.

Vijana wananiita Meku. Wa kwanza kuniita hivyo ni Praygod, ana miaka kumi na minane, anakaa pembeni yangu. Nikamuuliza umejuaje Kichagga wewe umezaliwa kwenye kota za kiwanda cha sukari, wazazi wako wametoka Kigoma? Akasema Moshi nzima inajua mzee anaitwa Meku.

Masomo yanaenda. Walimu ni wapole. Tunarudia rudia mambo ya msingi.

Halafu mwanangu, hayo mambo ya kusimama juu ya ndoo yaache. Utaanguka. Na Mwalimu wa Kiingereza ana kazi nyingi, si lazima kumweleza kila habari yangu. Mama yako nimemwambia vilevile kuhusu kanisani.

Kula vizuri.

Baba yako,
Eliakim


Lushoto
18 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo.

Ukurasa mmoja na nusu wa chapati na mvua. Mistari miwili ya masomo.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni akianza kusifia chakula na mawingu, huku hakutazami usoni, ujue kichwa kinampasuka na anaogopa kurudishwa chini. Ulisema huyo usimwachie mpaka aseme.

Basi mimi sikuachii. Kuna nini?

Gladness


Pasua
24 Oktoba 2024

Mwanangu,

Mama yako asijue haya kwanza. Nakuomba.

Lile darasa letu sisi saba ni la watu wa chini kabisa. Linaitwa darasa la awali. Siku ya kwanza Madam Juliana, mwalimu wetu, mtoto mpole wa umri wa dada zako wa Kirua, aliandika ubaoni kwa Kiingereza "Hili ni dirisha" akatuambia turudie wote kwa pamoja. Nikadhani anatania. Nikarudia kwa nguvu nikicheka. Akanipigia makofi. Siku ya pili nusu jumlisha robo. Siku ya tatu tukaonyeshwa jinsi ya kuwasha kompyuta. Hapo nikaacha kucheka, kwa sababu hiyo ya kompyuta kweli nilikuwa siijui.

Wiki ya pili nikaenda ubao wa matangazo. Jina langu liko la mwisho katika orodha nzima ya chuo. La mwisho, Gladness. Masomo yote matatu, Kiingereza, hesabu, kompyuta, pembeni wameandika "awali". Na chini wameandika kwamba mwenye awali kwenye somo moja anasajiliwa mwaka wa kwanza na kulisoma hilo pembeni. Mwenye awali kwenye yote matatu hasajiliwi mpaka mwakani. Maana yake nafasi ya Primus imekwenda Arusha.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nimewateremsha Wajerumani, nimebishana na Waamerika kwa Kiingereza chao wenyewe, leo narudia neno dirisha. Na mkungu wa ndizi umeshaliwa na watu wa kanisani.

Kinachoniuma zaidi sielewi kosa langu. Mtihani hawakunipa, wamenihukumu kwa ile fomu tu. Na fomu nilijaza vizuri! Ni kama zile tunazojaza na wageni kila jioni kambini. Kichwa kinauma? Tumbo linachafuka? Usingizi? Unaandika namba: sifuri ni mzima kabisa, kumi kesho unashuka kwa machela. Na hii ya chuo ni hivyohivyo, mistari minne. Kusoma Kiingereza, nikaweka sifuri. Kuandika Kiingereza, sifuri. Hesabu, sifuri. Kompyuta, nikafikiria kidogo, nikasema si nitajifunza, sifuri. Sifuri nne safi. Kijana wa mbele yangu nilimchungulia kaandika nane na tisa, nikasema masikini, huyu anaumwa.

Sijui walichokiona wao.

Baba yako


Lushoto
29 Oktoba 2024

Baba, shikamoo, na samahani kwa haya maandishi, naandika huku nacheka.

Baba yangu jamani. Baba yangu mimi!

Fomu ya chuo haiulizi unaumwa kiasi gani. Inauliza unajua kiasi gani. Kumi ni mtu anayejua sana. Sifuri ni mtu hajui kitu. Wewe umekwenda mbele ya chuo kizima ukaandika: Kiingereza sijui kabisa, kuandika sijui kabisa, hesabu sijui hata moja. Sasa ulitaka wakupe mtihani wa nini? Walikuonea huruma, wakasema huyu mzee asiaibishwe na karatasi, aanze taratibu. Na yule kijana wa nane na tisa uliyemwita masikini yuko mwaka wa kwanza sasa hivi anakula maisha.

Juu ya fomu lazima kulikuwa na maelezo. Hukuyasoma, eti? Najua hukuyasoma. Miaka ishirini na mbili fomu ya jioni, nani anasoma maelezo.

Sasa inuka. Ukiisoma hii tu nenda kwa Madam Juliana, mweleze kama ulivyonieleza mimi, omba wakupe mtihani waliofanya wenzako. Leo tarehe ishirini na tisa, usajili unafungwa kumi na tano. Siku zipo.

Nenda baba. Usilale na hili jambo.

Gladness wako


Pasua
2 Novemba 2024

Mwanangu,

Nilisoma barua yako nimesimama stendi, nikacheka peke yangu mpaka mpiga debe akaniuliza kama niko salama. Mbio nikaja chumbani, nikavaa shati la kanisani, nikaenda chuo. Nikafika mlangoni kwa Madam Juliana. Yuko ndani, namwona kabisa anasahihisha madaftari yetu.

Nikageuka nikarudi.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe huachii mpaka mtu aseme. Mpaka jana nilikuwa najua mimi ni mjinga. Leo najua kosa ni la fomu, na nimelala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu nije mjini. Sasa nikiomba mtihani, wakanipa, nikaanguka? Nitamlaumu nani? Fomu nitakuwa nimeshaitoa njiani. Nitakuwa nimebaki mimi tu.

Mara ya mwisho nimefanya mtihani mimi ni darasa la saba, mwaka tisini. Babu yako akaniambia waliochaguliwa wamechaguliwa, twende shambani. Kiingereza changu ni cha kusikia, nimekiokota kwa wageni njiani, sijawahi kukaa nacho mezani. Madam anafurahi nikijibu, ananiita mwanafunzi bora wa darasa. Nimekuwa wa kwanza, Gladness, hata kama ni kwa dirisha na robo.

Labda ningoje tu mwakani. Primus ataelewa.

Baba


Lushoto
6 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimelia kidogo halafu nikakasirika, utanisamehe nikikosa adabu mahali.

Primus hataelewa. Unamjua.

Nina jambo nilikuficha. Niliandika kwamba masomo yanaenda vizuri. Nilipata kumi na saba katika mia kwenye hesabu, jaribio la kwanza kabisa la Kidato cha Tano. Kumi na saba! Tangu Agosti niko rimidio, darasa la waliobaki nyuma, wasichana tisa, kila siku baada ya vipindi, wenzetu wakiwa kwenye netiboli. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshaniita kichwa cha ukoo.

Siku walipobandika yale majibu nilitamani niwe na kitu cha kusingizia. Sikuwa nacho. Fomu nilisoma, mwalimu ni mzuri, sikuumwa. Ni mimi tu, kama unavyosema. Na unajua nini kilitokea? Hakuna. Nilikula ugali jioni. Kesho yake Mwalimu Elizabeth wa hesabu akaniuliza ni wapi hasa napotelea, nikamwonyesha, akaanzia hapohapo. Juzi nimepata arobaini na nne. Bado si mia lakini nimetoka kwenye kumi na saba mimi, kwa miguu yangu.

Wewe hujui unapotelea wapi kwa sababu hakuna aliyekupima. Tangu mwaka tisini hakuna. Naomba wakupime, baba. Ukianguka utakuwa umeanguka kwenye kitu unachokijua, na mimi nitakuwepo rimidio nakusubiri, nakuwekea kiti.

Mimi sikusimama juu ya ndoo kwa sababu ya mtihani. Nilisimama kwa sababu baba yangu kaenda shule.

Nenda.

Gladness


Pasua
Alhamisi, 14 Novemba 2024

Gladness mwanangu,

Nimeenda.

Siku niliyopata barua yako ilikuwa Ijumaa mchana, sikupitia hata chumbani nikavae shati, nimeenda na vumbi langu. Madam Juliana nikamweleza yote, kambi, fomu ya jioni, machela, sifuri nne. Alianza kusikiliza kwa heshima. Nilipofika kwa kijana wa nane na tisa akavua miwani akaweka kichwa mezani, mabega yanatikisika. Nikafikiri analia. Alikuwa anacheka, Gladness, mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna msiba gani. Halafu akajifuta macho, akasema, mzee wangu, mimi nimekaa na wewe wiki sita nikijiuliza huyu mtu anayejibu kabla sijamaliza swali alifikaje kwangu, nikasema labda ni kipaji. Hapohapo akanishika mkono tukaenda kwa mkuu wa taaluma.

Wamenipa mtihani Jumatatu. Peke yangu, chumba kizima, na msimamizi mmoja. Safari hii maelezo nimeyasoma mara tatu, mpaka jina la kiwanda kilichochapa karatasi nimelisoma. Jasho lilinitoka kuliko usiku wa kwenda kileleni. Kiingereza cha kusoma kilikuwa habari ya nyuki, nikamaliza. Cha kuandika walisema eleza safari moja unayoikumbuka. Nikaomba karatasi ya nyongeza, kisha nyingine.

Hesabu niliogopa hadi nilipoona swali la nne: mizigo ya kilo fulani, wapagazi wangapi, kila mmoja kilo ishirini. Nilitaka kumkumbatia msimamizi. Nimelifanya hilo kila asubuhi ya maisha yangu pale getini, na wagumu, ndio wapagazi wetu, wananipigia kelele! Zile za herufi, eksi na wenzake, nimeziacha kama zilivyo.

Leo saa nne wametoa. Kiingereza sabini na sita. Hesabu hamsini na mbili, na mstari ni hamsini, kwa hiyo nimepita nimeshikilia nguo. Kompyuta kumi na moja. Kumi na moja katika mia! Nimekushinda mwanangu, wewe ulipata kumi na saba. Nilipotakiwa kuhifadhi kazi nikaizima mashine yote.

Awali ni somo moja tu. Kila Jumamosi narudi kwa Madam Juliana kwa kompyuta, na Praygod ameahidi kunifundisha jioni, yeye hiyo ameishika upesi darasani, kinachomsumbua ni Kiingereza. Nitamsaidia cha mdomoni.

Nimesajiliwa saa sita na robo. Karani alipogonga muhuri nikakaa kwenye benchi la korido nikalia kama mtoto mbele za watu, wala sikujificha. Nikampigia Primus, akasema sawa Eliakim, Januari unaanza. Nikampigia mama yako nikamwambia yote toka mwanzo, hata la kuwa wa mwisho ubaoni. Akaniuliza, wa mwisho kabisa, nikasema leo nimekwisha. Halafu akasema, kumbe ule mkungu nilitoa mapema tu. Jumapili anapeleka mwingine, na huu amesema atamweleza mchungaji vizuri.

Wewe usinifiche tena alama zako, na mimi sikufichi. Arobaini na nne ni kubwa. Nakuonea fahari hapohapo ulipo rimidio, usingoje kutoka.

Siku ya wazazi ni tarehe ishirini na tatu, nakuja na mama yako. Mwaka jana kwenye shule yako ya zamani, pale getini, mlinzi alinipa daftari la wageni, jina, unapotoka, kazi. Penye kazi niliandika "mlima" kwa sababu sikujua niandike nini kingine. Safari hii nitaandika mwanafunzi. Mlinzi akibisha ninacho kitambulisho, kina picha yangu, nimetabasamu mpaka pengo linaonekana.

Baba yako,
Eliakim
Mwaka wa Kwanza